Aliyeona na Aliyeonyeshwa: Vitu na Wanyama wa Kandokando ya Njia katika Historia ya Safari Tanzania

Waswahili husema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Methali hii imezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kukisaili kitenzi chake cha mwisho. Kuokota si kutafuta, wala si kugundua. Aokotaye hukikuta kitu kimelala njiani, akainama, akakichukua; na kitu hicho aghalabu kilikuwa cha mtu mwingine kabla yake, au angalau kilikuwa mahali ambapo wengine walikijua. Methali humpa mwokotaji bahati yake, lakini haimpi sifa ya ugunduzi.

Maandishi mengi ya historia na ya utalii kuhusu Tanzania hayana uangalifu huo. Humo, kila kitu ambacho mgeni alikiona kandokando ya njia huambiwa kuwa "kiligunduliwa", na mwaka ambao mgeni huyo alipita ndio unaohesabiwa kuwa mwaka wa kuzaliwa kwa kitu hicho katika maarifa ya binadamu. Mhadhara huu unashughulikia vitu vichache vya aina hiyo: mifupa mikubwa ya kusini, jiwe la chuma lililotoka angani, zana za mawe za karibu na Iringa, na wanyama wanaovuka lami huku mabasi yakipita. Hoja yake ni ya lugha kama ilivyo ya historia. Kutokana na mzizi mmoja wa -ona, mnyambuliko wa Kiswahili hutoa -onwa, -onekana, -onyesha na -onyeshwa. Anayeandika kwamba mifupa ilionekana amewaficha watu wote. Anayeandika kwamba fulani aliiona amemtaja mmoja. Lakini anayeandika kwamba fulani alionyeshwa mifupa hawezi kuendelea na sentensi yake kabla msomaji hajamuuliza: na nani?

Habari za misafara

Yafaa kuanza na wasafiri walioandika kwa Kiswahili chenyewe, maana hao ndio kipimo. Mwaka 1901 Carl Velten, aliyekuwa amefanya kazi ya ukalimani katika serikali ya Wajerumani Dar es Salaam, alichapisha mjini Göttingen mkusanyiko ulioitwa Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa wasimulizi wake wamo Selemani bin Mwenye Chande, aliyeeleza safari ya bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda baadaye kufundisha Kiswahili Berlin, ambaye alieleza safari ya Udoe hadi Uzigua. Na Salim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896. Karibu na wakati huo huo, mwaka 1902 na 1903, Heinrich Brode alichapisha maisha ya Hamed bin Muhammad el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, kama alivyoyaandika mwenyewe.

Msomaji wa leo anayefungua habari hizi akitazamia twiga na simba hutoka na wachache mno. Atakachokipata kwa wingi ni maji: yako wapi, ni matamu au ya chumvi, na ni mwendo wa siku ngapi hadi kisima kinachofuata. Atapata bei ya chakula, majina ya watawala, vitambaa vilivyotolewa na hongo iliyodaiwa. Tembo yumo, lakini zaidi kwa pembe zake, nazo zimekwisha kupimwa kwa frasila. Kwa mtazamo wa mtalii huu ni upofu. Kwa hakika ni ujuzi wa aina nyingine: mtu aliyewaongoza wapagazi mia kupita nyika alilazimika kutazama kile ambacho kingewaua au kuwaokoa, na pundamilia aliyesimama mbali hakuwa miongoni mwa hivyo. Hata lugha iliona hivyo. Neno nyama katika Kiswahili cha zamani, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu hata sasa, lilitumika kwa kitoweo na kwa kiumbe chenyewe.

Msamiati wa msafara ulikuwa mali ya watu wengi. Wapagazi na mnyapara ni maneno ambayo aghalabu hunasibishwa na Kinyamwezi, kwa kuwa Wanyamwezi ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Safari yenyewe ina asili ya Kiarabu. Hongo, lililokuwa jina la ushuru halali aliolipwa mwenye nchi kwa kumruhusu mgeni apite, leo ni jina la rushwa. Na hapana budi kusema kwamba badiliko hilo linasimulia historia ya mamlaka ya njia kwa ufupi kuliko kurasa nyingi za vitabu. Mwenye nchi alipopokonywa haki ya kutoza, kutoza kwenyewe kukawa uhalifu, na neno likabaki na uhalifu huo.

Neno safari lilikwenda kwingine. Richard Burton, aliyepita bara kati ya mwaka 1857 na 1859, ni miongoni mwa waliolitia katika maandishi ya Kiingereza, na wakati huo lilikuwa bado na maana ya msafara na mwendo wake. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kumaliza urais wa Marekani, aliteremka Mombasa kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian, akifuatwa na msafara mkubwa wa wapagazi. Tangu zama hizo, katika lugha za Ulaya, safari imekuwa ni kwenda kuwaona wanyama, kwanza kwa bunduki na baadaye kwa kamera. Mswahili anayekwenda kumzika shangazi yake Tanga yuko safarini kama mtu yeyote mwingine. Mgeni husikia neno hilo akawaza simba.

Mifupa ya Tendaguru

Hakuna kitu kilichookotwa kandokando ya njia ya Tanzania kilichokuwa kikubwa kuliko mifupa ya Tendaguru. Kilima hicho kiko kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, mwendo wa siku nne au tano kwa miguu kwa mtu mwenye mzigo. Habari iliyozoeleka husema kwamba mwaka 1906 Bernhard Wilhelm Sattler, mhandisi Mjerumani wa kampuni iliyokuwa ikitafuta vito na madini kusini ya mto Mbemkuru, alikuta mfupa mkubwa mno umetokeza ardhini karibu na njia aliyokuwa akiipita. Mwaka uliofuata mtaalamu Eberhard Fraas alifika kuutazama. Kuanzia mwaka 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200 ikasafirishwa Ujerumani.

Mwaka 1906 unastahili kutazamwa mara mbili. Huo ulikuwa mwaka wa Vita vya Majimaji. Vita hivyo, vilivyoanza Julai 1905 katika milima ya Matumbi na kuenea kusini nzima, vilizimwa kwa kuchoma vijiji na kuharibu chakula, na wanahistoria wengi hukadiria vifo vyake kati ya 180,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Nchi ya nyuma ya Lindi ilikuwa ndani ya vita hivyo. Kwa hiyo njia aliyoipita mhandisi huyo haikuwa njia ya pori tupu lisilo na watu. Mifupa iliyokaa juu ya ardhi, penye mapito ya miguu na karibu na mashamba, haiwezi kufikiriwa kuwa ilifichikana kwa waliokuwa wakilima na kupita hapo kila msimu. Walikuwa wameiona. Lililokosekana ni mtu wa kuwauliza walichosema juu yake, na wakati huo waulizaji walikuwa na maswali ya namna nyingine.

Lugha ya kazi iliyofuata inasisimua. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilikuwa ikiiua biashara ya misafara katika njia kuu ya Tabora, nayo ilipofika Kigoma mwaka 1914 enzi ile ilikuwa imekwisha. Lakini kusini, ambako hakukuwa na reli, msafara ulipata maisha ya pili. Mifupa ilifungwa kwa nyasi, udongo na vipande vya mianzi, ikabebwa vichwani hadi bandari ya Lindi. Waliobeba waliitwa wapagazi. Waliosimamia waliitwa wanyapara. Walilala kambini. Maneno yale yale yaliyoteremsha pembe za ndovu pwani yalikuwa sasa yanateremsha mifupa ya viumbe waliokufa takriban miaka milioni 150 iliyopita, na hapakuhitajika neno jipya hata moja. Mwaka 1911 wafanyakazi wa uchimbaji walifikia kiasi cha 500, bila kuhesabu wake na watoto walioishi nao. Kilima kikawa na kitu kama mji.

Miongoni mwa watu hao jina moja limebaki wazi katika kumbukumbu: Boheti bin Amrani. Alikuwa mnyapara mkuu, na Wajerumani wenyewe walimsifu kwa ustadi wa kuifukua na kuitengeneza mifupa iliyokuwa ikivunjika kwa kuguswa. Hili ni jambo la kutiliwa mkazo kwa sababu wataalamu wawili, hata wangekuwa hodari namna gani, hawakuweza kusimama juu ya mashimo yote kwa wakati mmoja. Katika mashimo mengi jicho la kwanza kutambua kwamba kidoa cha rangi katika udongo ni mfupa, wala si jiwe, lilikuwa jicho la Mwafrika aliyekwisha kujifunza kutofautisha. Hapo neno kuonyeshwa si adabu ya uandishi tu. Ni maelezo sahihi ya jinsi kazi ilivyofanyika: mchimbaji aliona, akamwita mnyapara, mnyapara akamwita mtaalamu, na mtaalamu akaandika kwamba ameona.

Majina waliyopewa viumbe hao yanastahili mhadhara wake. Mjusi mkubwa kuliko wote, ambaye mifupa yake ilisimamishwa Berlin mwaka 1937 na ambaye kimo chake ni zaidi ya mita 13, ana jina la pili la brancai, kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho. Mwingine, mdogo na mwepesi, alipewa jina la Lettow-Vorbeck, jenerali wa vita vya 1914 hadi 1918, ambaye hakuhusika kabisa na mifupa. Mwaka 2007, baada ya miaka karibu mia moja, mtaalamu Kristian Remes alipoichunguza upya mifupa ya shingo iliyokuwa imehifadhiwa Berlin, aliipa jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Ni jina la Kilatini lenye mwisho wa Kilatini, lakini ndani yake limo jina la Kiswahili la mtu aliyeonyesha.

Kosa la matamshi lenye faida

Kaskazini kuna mfano mfupi wa jambo hilo hilo. Bonde maarufu lililo ukingoni mwa Serengeti liliingia katika vitabu kwa jina la Olduvai, baada ya Mjerumani Wilhelm Kattwinkel kulifikia mwaka 1911. Wamasai hulipa jina la oldupai, yaani katani-mwitu inayoota hapo kwa wingi, na siku hizi maandishi mengi ya Tanzania yamerejea kwenye Oldupai. Kosa hilo hutajwa kwa kawaida kama kichekesho kuhusu masikio ya Wazungu. Lakini kwa mwanahistoria ni hati ya thamani. Mtu hawezi kulikosea jina ambalo hakulisikia. Herufi v katika Olduvai ndiyo saini pekee iliyobaki ya Mmasai ambaye aliulizwa, akajibu, kisha akaachwa nje ya ukurasa.

Barabara ya kwenda Tunduma

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, ndiyo inayopita karibu na vitu vingi vya aina hii. Kwa lami iliyopo sasa ni mtoto wa siasa. Baada ya Rhodesia ya Kusini kujitangazia uhuru wa walowezi mwaka 1965, Zambia ilitafuta njia ya kufikisha mafuta na kupitisha shaba bila kutegemea bandari za kusini, na malori yakamiminika katika barabara ya vumbi iliyokuwa haijawahi kubeba mizigo ya namna hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilifuata mwaka 1968, kisha lami, kisha reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Lakini kabla ya lami palikuwa na njia, na kabla ya magari palikuwa na miguu.

Kusini magharibi ya Mbeya, kilomita kadhaa kando ya barabara hiyo, katika nchi ya Wanyiha, kuna Kimondo cha Mbozi. Ni pande la chuma lenye urefu wa kiasi cha mita tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ambalo takriban sehemu tisa kwa kumi ni chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Maelezo ya kawaida husema kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi aitwaye W. H. Nott. Waliokuja baada yake walichimba handaki kukizunguka, na leo kimesimama juu ya kiguzo.

Hapa jina lenyewe linataka kuulizwa. Katika Kiswahili cha kawaida kimondo ni ile nyota inayokatiza angani usiku na kutoweka. Ni mwanga, si chuma, na kinapita, hakilali. Ili pande la chuma lililolala mlimani liitwe kimondo, sharti mtu awe amekwisha kuambiwa kwamba lilianguka kutoka angani. Lakini Wanyiha hawakuacha masimulizi yanayojulikana ya kuanguka kwake, wala hakuna shimo la mgongano linaloonekana, na hilo huchukuliwa kuwa dalili kwamba lilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu yoyote. Inaelekea basi kwamba jina la Kimondo limetokana na elimu ya mgeni ikapewa vazi la Kiswahili. Si jina baya. Ni sahihi, ni zuri, na watoto wa shule wanalielewa. Lakini limekaa juu ya jina lingine au majina mengine ambayo wakulima wa Mbozi walilitumia jiwe hilo kabla ya mwaka 1930, na mwanafunzi wa Kiswahili hana pa kuyasoma. Kamusi zinazokusanywa kutoka kwenye vitabu pekee haziwezi kuyatoa. Yanahitaji mtu aende na kuketi na wazee wa Kinyiha, na kila mwaka unaopita wazee hao wanapungua.

Isimila ni kesi tofauti, na haifai kuilazimisha ifanane na hii. Korongo hilo liko kiasi cha kilomita 20 kutoka Iringa, kando ya barabara ya Mbeya. Mvua imechonga udongo wake kuwa nguzo refu, na chini ya nguzo hizo mkondo hufichua mashoka ya mkono na vyombo vipana vya kupasulia, vyote vya mawe, kwa mamia. Mwaka 1951 mwanafunzi wa shule ya St Peter's ya Johannesburg, D. Maclennan, alipita hapo safarini, akakusanya baadhi na kutoa habari. Mwaka 1957 na 1958 Clark Howell na wenzake wa Chicago walichimba. Kipimo kilichochapishwa mwaka 1972 kilizipa zana hizo umri wa kiasi cha miaka 260,000. Pamoja nazo palipatikana mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalikaa juu zaidi kuliko ya kiboko wa leo, kana kwamba alitazama kwa darubini kutoka chini ya maji.

Wachungaji wa Kihehe waliyakanyaga mawe hayo kwa vizazi. Hilo halina shaka, kwa kuwa yamelala peupe. Lakini kuyakanyaga si kuyajua, na kijana wa Johannesburg alifanya jambo ambalo neno kuona halilitoshelezi. Alitambua. Aliona kwamba ubavu wa jiwe umechongwa pande mbili kwa makusudi, na kwamba mchongaji alikuwa binadamu au jamaa yake wa kale. Kiswahili kina kitenzi hicho cha -tambua kikiwa tayari, na inashangaza kwamba waandishi wamekitelekeza, wakang'ang'ania -gundua na -vumbua kwa kila jambo. Kama ingeandikwa kwamba wenyeji walikuwa wakiziona zana za Isimila, na kwamba mpita njia fulani alizitambua mwaka 1951, haki ingekuwa imetendeka kwa pande zote mbili kwa sentensi moja. Uzalendo unaodai kwamba wenyeji walijua kila kitu ni uvivu ule ule wa kale uliogeuzwa mgongo.

Kilomita hamsini za Mikumi

Barabara hiyo hiyo, kabla ya kufika Iringa, inakata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964, miaka michache kabla ya malori ya Zambia, na sasa ina eneo la kilomita za mraba 3,230. Anayepita kwa basi kwenda Iringa, Mbeya au Songea halipi kiingilio cha hifadhi, kwa sababu barabara ni ya umma. Huinua kichwa tu. Swala pala wako majanini, pundamilia na nyumbu mbali kidogo, twiga juu ya miti, na mara kwa mara tembo wanaoifanya safu nzima ya magari isimame.

Yumkini kwa Watanzania wengi walio nje ya mikoa ya hifadhi, hapo ndipo mahali pa kwanza, na pengine pa pekee, walipopata kumwona tembo aliye hai. Hawakwenda kwa ajili yake. Walikuwa wakienda chuo, msibani au kununua mchele. Kwa maana hiyo abiria wa basi la Mikumi ni mrithi halisi wa Selemani bin Mwenye Chande kuliko mtalii aliye katika gari la wazi: mnyama amemkuta katika safari yenye shughuli nyingine. Abiria huyo hana fasihi yake. Vitabu vya kusoma shuleni humwonyesha mtoto aliyepelekwa hifadhini na mwalimu, kwa ratiba. Yule aliyeamshwa usingizini na jirani aliyemgusa bega na kumwonyesha dirishani hajaandikiwa.

Lugha ya mahali hapo nayo ina mvutano wake. Serikali husema hifadhi, na sheria hutofautisha Hifadhi ya Taifa, Pori la Akiba na Pori Tengefu. Watu husema mbuga. Mbuga asili yake ni nchi tambarare ya majani, mara nyingi yenye udongo mweusi unaotuama maji wakati wa masika; ilikuwa mahali pa kulisha mifugo na pa kuwinda, wala haikuhitaji tangazo la mtu ili iwe mbuga. Waandishi wa habari hukosolewa kwa kuandika "mbuga za wanyama" badala ya hifadhi. Ukosoaji huo una msingi kisheria. Lakini anayesema mbuga anautaja uwanda wenyewe kama macho yanavyouona, na anayesema hifadhi anamtaja, bila kumtamka, yule aliyeuhifadhi na wale waliozuiwa kuuingia. Katika pori la akiba neno akiba liko wazi zaidi: ni kilichowekwa kwa matumizi ya baadaye, na katika mapori hayo uwindaji wa kulipia ulikuwa sehemu ya mpango.

Lami ya Mikumi imekuwa pia mahali pa kifo. Mwaka 1995 Carlos Drews alichapisha utafiti juu ya wanyama wanaogongwa na magari katika barabara hiyo, akiwaangalia nyani kwa namna ya pekee, kwa kuwa makundi ya nyani wa Mikumi yalikuwa yakichunguzwa na wanasayansi tangu miaka ya 1970 na kila mmoja alijulikana. Matuta yamejengwa, mwendo umewekewa kikomo, na vibao vimewekwa vinavyomtajia dereva faini ya kila mnyama kwa aina yake. Dereva anayekisoma kibao hicho anasoma orodha ya bei: tembo kiasi hiki, twiga kiasi hiki, swala kiasi hiki. Miaka mia moja na ushee iliyopita aliyepita njia hizi alihesabu vilevile, kwa frasila na kwa vitambaa, na alijua amlipe nani.

Nyani wenyewe huja barabarani kwa sababu inayoeleweka. Abiria hutupa maganda, vipande vya mkate na magunzi kupitia madirishani, ingawa vibao vinakataza, nao hushuka mitini wakakaa ukingoni mwa lami wakingoja. Basi likipita huingia, wakaokota, na wale wazoefu hutoka kabla ya lori linalofuata.